Kitovu cha Papa

Nilizaliwa Urambo, katikati ya mashamba ya tumbaku, na maji mengi kuliko yote niliyoyaona utotoni yalikuwa ya bwawa la kunyweshea ng'ombe. Hata hivyo papa nilimjua kabla sijajua kusoma. Mama alikuwa akinunua kipande cha papa mkavu sokoni, anakiloweka tangu asubuhi ili chumvi itoke, kisha anakipika na karanga za kupondwa mpaka majirani wanapata sababu ya kuja kusalimia. Mimi nilikuwa nakaa pembeni ya jiko nauliza swali lile lile: huyu akiwa hai anaishije? Mama alikuwa akinijibu kwamba anaishi vizuri kuliko sisi, nile ugali unapoa.

Sikuridhika, na mimi si mtu wa kuridhika upesi. Nina tabia moja ambayo imenigombanisha na watu wengi: siwezi kunyamaza mtu akisema jambo lisilo kweli kuhusu mnyama. Nimebishana msibani kuhusu popo. Nimebishana na dereva wa bodaboda kuhusu kinyonga tukiwa bado njiani. Labda ndiyo maana nikaishia kuwa mwalimu wa baiolojia, katika sekondari moja hapa Tabora mjini, mahali ambapo angalau nalipwa kwa kubisha.

Nilipokuwa chuoni walitupeleka pwani kwa mafunzo. Wengi wetu tulikuwa watoto wa bara, tuna miwani ya kuzamia ya kuazima na woga wetu wenyewe. Asubuhi moja, maji yakiwa yametoka na jua liko juu, mkufunzi akatupeleka kwenye matumbawe, akatuambia tutumbukize uso tutazame. Nikatumbukiza. Chini ya ukingo wa mwamba palikuwa na papa kadhaa, wembamba, wa kijivu, hawazidi urefu wa mtu, wamelala mchangani wameegemeana kama mbuzi wanaokimbia jua. Ncha ya pezi la mgongoni na ncha ya mkia zilikuwa nyeupe kabisa.

Mimi nilikuwa nimekuja na lile ambalo kila mtu analijua, kwamba papa akiacha kuogelea anakufa, kwa sababu maji lazima yapite kwenye matamvua yake ya kupumulia. Ni kweli kwa baadhi yao, hasa wale wakubwa wa bahari kuu. Huyu mdogo wa matumbawe hana shida hiyo. Amelala chini, hatikisi hata pezi, na kinywa chake kinafunguka na kufunga taratibu, kinavuta maji na kuyasukuma yatoke kwenye mianya ya pembeni ya kichwa. Anapumua kwa kazi yake mwenyewe. Niliiona mianya ile ikifunguka na kujifunga, nikapiga kelele ya furaha nikiwa bado nimeuma mpira wa kupumulia, nikanywa bahari kiasi cha kunitosha maisha yangu yote.

Mkufunzi alitueleza mengine tukiwa tumekaa kwenye mchanga tunatetemeka. Mchana kutwa papa huyu hujificha mapangoni, na pango analolipenda hulirudia tena na tena, hata kwa miaka. Usiku ndipo anapotoka kuwinda, na namna yake ya kuwinda si ya kukimbizana. Samaki akikimbilia kwenye ufa wa mwamba, yeye anajipenyeza kichwa na mwili humo humo, anajikunjakunja, anavunja na matumbawe ikibidi, maana ngozi yake ni ngumu haichaniki ovyo. Mtu hana shida naye asipomchokoza. Na hatagi mayai. Anazaa. Mtoto hukua tumboni akiwa ameunganishwa na mama kwa kamba ya kitovu, kama mimi na wewe, na akizaliwa huja na kovu la kitovu kifuani, katikati ya yale mapezi mawili ya pembeni. Kovu hilo hukaa kwa muda, kisha ngozi hulifunika.

Nilirudi Tabora nikiwa nimejaa habari hizi, na watu walinikoma. Mtu mmoja tu hakunichoka. Alikuwa fundi cherehani, na nilimpelekea koti langu la maabara alipunguze mikono. Nilipomweleza kwamba papa ana kitovu aliacha kukanyaga cherehani, akanitazama, akauliza, "Sasa nani anamkata?" Nilicheka mpaka nikasahau koti. Kesho yake nilirudi na suruali isiyokuwa na tatizo lolote.

Tulipendana, na nikataka kumwoa. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Kwao ni Mtendeni, mtaa wa hapa hapa Tabora, na kwao ni watu wa pwani. Hivyo ndivyo wanavyojiita. Mababu zao walikuja na misafara ile ya zamani, wakafika hapa, wakaona embe na maji, wakaamua kwamba kutembea kunatosha. Hiyo ni zamani sana. Lakini ukiwasikiliza wanavyosema "kwetu pwani sisi hatufanyi hivi," utadhani wameshuka kwenye treni jana na mabegi bado yako mlangoni. Baba yake alikuwa amefariki, na aliyemlea ni baba yake mkubwa, mfanyabiashara wa papa mkavu. Huyu ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Tena ni mtani wangu. Kwa asiyejua, Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walibeba mizigo, babu zao waliifuata kwa nyuma wakitoa amri; walitaniana njia nzima, wakauguzana na kuzikana, na ile ruhusa ya kutaniana ikabaki kwetu sote. Basi yule mzee aliniita mpagazi tangu siku ya kwanza. Nikipita mbele ya meza yake sokoni alikuwa akipaza sauti, "Mpagazi, leo umebeba nini?" Nami nilimjibu kwamba nimebeba akili, mzigo ambao watu wa pwani hawajui kuufunga. Alicheka, nilicheka, wateja wakacheka.

Lakini kwenye posa utani wake ulikuwa na mfupa ndani. Mchumba wangu alinipigia simu siku iliyotangulia, sauti imeshuka. Kulikuwa na mtu wa huko huko pwani, mmoja wa wanaomtumia baba yake mkubwa mzigo wa papa, ambaye alikuwa amepeleka maneno ya kumposa. Mzee alifurahi sana. Kwake yeye, binti huyu angekuwa wa kwanza katika ukoo kurudi nyumbani. "Wazee wako wasikubali kuondoka bila jibu," aliniambia. "Mkiondoka bila jibu, wenzenu watafika, na mimi sitaulizwa."

Baba yangu mdogo, mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Alivaa kanzu ya kuazima iliyomfikia chini kidogo ya magoti, akabeba dumu la asali ya msituni, wakaenda yeye na wazee wawili baada ya swala ya adhuhuri. Muoaji haendi kwenye posa yake mwenyewe, kwa hiyo mimi nilibaki kwenye kibanda cha kahawa mtaa wa pili, nikinywa vikombe ambavyo sikuvihisi ladha. Simu ikalia. Alikuwa baba mdogo, ananong'ona. "Njoo. Mzee anasema hajibu kitu mpaka akuone mwenyewe."

Nilifika nikihema. Sebuleni walikuwa wamekaa kwenye mikeka: wazee wangu upande mmoja, wazee wao upande wa pili, na pembeni kabisa, kwenye kitanda cha kamba, bibi yake mchumba wangu, mama mzazi wa yule mzee. Nyuma ya pazia la mlango wa ndani palikuwa na wanawake. Niliwasikia wakizuia vicheko. Mchumba wangu alikuwa humo.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mpagazi. Kaa." Akapapasa ndevu zake. "Mmekula papa wetu tangu enzi za misafara. Sasa mnataka na binti. Sawa. Mimi nina swali moja. Huyo papa unayemla miaka yote, analala vipi?"

Wazee wao wakacheka. Lilikuwa swali la kuniaibisha, la kunifanya niseme sijui ili anirudishe taratibu nilikotoka. Baba mdogo alinikanyaga kidole, ishara ya kwamba niinamishe kichwa, nikubali kuchekwa, mambo yaende. Nafikiri mtu mwenye busara angefanya hivyo. Mimi nikajibu. Nikaeleza pango, nikaeleza mchanga, nikaeleza kinywa kinavyofunguka na kufunga, mpaka nikajikuta nimefumba macho na ninafungua mdomo wangu mwenyewe kuwaonyesha.

"Uongo!" alisema mzee, safari hii hacheki. "Papa akisimama anakufa. Mtoto mdogo wa pwani analijua hilo."

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha za video za papa yule yule amelala. Akaisukuma pembeni. "Siku hizi simu inaweza kukuonyesha ng'ombe wa Igunga anaruka juu ya msikiti. Hiyo si ushahidi."

Damu ikanipanda. "Baba mkubwa, naomba nikuulize kwa heshima. Wewe ulimwona wapi akiwa hai?"

Sikuwa nimekusudia kulifukua, lakini lilikuwa limeshafukuliwa, kila mtu akilitazama: katika nyumba ile ya watu wa pwani, hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona bahari. Mzee alizaliwa Tabora, baba yake alizaliwa Tabora, mzigo wake ulimfikia kwenye magunia. Mtu pekee mle ndani aliyewahi kunywa maji ya chumvi alikuwa Mnyamwezi wa Urambo. Baba mdogo akanikanyaga tena, sasa kwa kisigino.

Aliyetuokoa ni bibi. "Na kuzaa je?" aliuliza kutoka kitandani, kana kwamba mazungumzo yalikuwa yakienda vizuri. "Anataga huyo?"

"Mama, samaki ni samaki," mzee alidakia. "Anataga."

"Huyu anazaa, bibi," nikasema. "Mtoto anakaa tumboni, ana kondo, ana kamba. Akizaliwa ana kitovu."

Mzee alicheka mpaka akajifuta macho kwa kofia. Alirudia neno lile kwa wazee wenzake mmoja mmoja, nao wakacheka mmoja mmoja. Kisha akasimama. "Basi natoa neno mbele ya mashahidi. Nionyeshe kitovu cha papa, hapa, leo, si kwenye simu. Ukinionyesha, binti ni wako, na hata mahari mtapanga nyinyi. Ukishindwa, mnachukua asali yenu, mnarudi Urambo, na sitaki kusikia tena."

Nyuma ya pazia vicheko vilikatika. Baba mdogo aliweka kichwa mikononi. "Mwanangu," alisema polepole, "umetuponza."

Nilijua vizuri nilichokuwa nakiweka rehani. Neno la namna ile, lililotolewa mbele ya wazee wa pande mbili, halirudi mdomoni. Lakini nilikuwa nimeingia mle ndani nikinusa kitu. Uani, chini ya paa la mabati, kulikuwa na robota la papa lililofika kwa treni, bado halijafunguliwa.

"Naomba nilifungue lile," nikasema.

"Fungua," alisema mzee. "Ukimaliza ulifunge kama wapagazi wanavyofunga."

Tukatoka wote uani. Nikakata kamba. Harufu iliyotoka humo iliwarudisha wazee wangu nyuma hatua nzima. Wao wakavuta pumzi kwa raha. Juu kabisa vilikuwa vipande vya papa wakubwa, minofu mitupu, bila mapezi wala mkia. Havikuwa na msaada wowote. Nikavitoa kimoja kimoja nikavipanga kwenye jamvi, na kila nilichokitoa mzee alikiuliza, "Kitovu hicho?" Watu wakaangua kicheko. Nilifikiri: nimemaliza. Nimempoteza kwa sababu ya mdomo wangu, kwa sababu ya samaki.

Chini kabisa nikawafikia wadogo. Hawa huwa hawakatwi vipande. Wanapasuliwa mgongoni, wanafunuliwa na kuanikwa wazima, kwa hiyo tumbo na kifua hubaki vilivyo. Nikaanza kuwageuza. Wengi walikuwa aina nyingine. Kisha nikashika mmoja ambaye ncha ya mkia wake, chini ya chumvi, ilikuwa nyeupe. Nikaomba maji. Mtu akaniletea birika, nikalowesha kifua, nikasugua chumvi kwa kidole gumba.

Hakikuwepo. Ngozi laini, imefunga, hakuna alama.

Mzee akaanza kuimba. Sikumbuki maneno, nakumbuka alikuwa akipiga makofi. Nilijaribu kusema kwamba huyu amekua kidogo, kovu lake limeshafunikwa, lakini hata masikioni mwangu mwenyewe yalikuwa maneno ya mtu anayetafuta kisingizio. Nikaacha kujieleza. Nikaingiza mkono tena ndani ya robota mpaka begani.

Nikamtoa mwingine. Mfupi, hazidi mkono wangu kutoka begani hadi kwenye vidole. Ncha nyeupe. Nikamwagia maji, nikasugua, nikasubiri chumvi iyeyuke. Katikati ya mapezi mawili ya kifuani, palepale nilipofundishwa, palikuwa na mkwaruzo mdogo wa wima, kingo zake zimevimba kidogo, haujafunga.

Sikupiga kelele. Nilimnyanyua juu kwa mikono miwili nikamsogezea mzee. Aliacha kupiga makofi. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akainama. Akaigusa alama kwa ukucha. "Hii ni ndoano," akasema. "Ni kisu cha mvuvi."

"Mlete kwangu," bibi akaita kutoka mlangoni, alikokuwa amejikokota na fimbo yake.

Sasa inabidi niseme kitu ambacho mimi sikukijua siku ile, lakini mtaa mzima ulikijua. Bibi yule alikuwa mkunga. Nusu ya watu waliokuwa uani pale, wazee kwa vijana, walipokelewa na mikono yake. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo hakumtazama yule papa. Alimlaza kwenye kiganja, akapitisha kidole kifuani taratibu, akarudia, akapima kwa ncha ya kidole kina cha ile alama.

"Kisu hakiachi kingo namna hii," alisema. "Hiki ni kitovu. Na kimedondoka juzi juzi tu, maskini, hajakaa hata duniani."

"Mama," mzee alianza.

"Wewe nyamaza. Chako nilikifunga mimi mwenyewe kwa uzi mweusi, kwa sababu mkunga mwenzangu alichelewa, na baba yako akakizika pale." Akaonyesha kwa fimbo pembe ya ua, penye ndoo na majiko. "Pale, Mtendeni. Hakikuzikwa pwani. Bahari hukuiona wewe, sikuiona mimi, hakuiona mama yangu. Huyu kijana wa Urambo ameiona, amerudi, ametueleza. Umetoa neno mbele ya watu. Haya."

Mzee alikaa chini juu ya robota lake lililofumuliwa. Nilimwogopa kwa muda mfupi, kwa sababu uso wake ulikuwa umebadilika, na nilidhani nimemvunjia heshima mbele ya wenzake. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, kicheko cha kweli sasa, kile cha tumboni, na machozi yalikuwa yanamtoka mpaka kwenye ndevu. Akanyoosha mkono nimvute asimame. Nilipomvuta hakuuachia mkono wangu.

"Miaka yote namuuza," aliniambia, "kumbe namuuza mtoto wa mtu." Akageukia wazee. "Mmesikia mama. Nimeshindwa na nimekubali. Na yule wa pwani nitampigia simu mwenyewe, nimwambie binti ameshaposwa nyumbani."

Baba mdogo ndiye aliyeshukuru kwa niaba yangu, kwa Kiswahili kirefu chenye Kinyamwezi katikati, huku ameshika kanzu ya kuazima isiguse chumvi.

Ikabaki jambo moja la kimila: binti aulizwe. Mzee akasogea kwenye pazia, akajisafisha koo, akauliza kwa sauti rasmi kama mwanawe ameridhika. Kwao binti wa heshima hajibu. Ananyamaza, wanawake wanahesabu ukimya wake kuwa ndiyo, kisha shangazi mmoja anapiga kigelegele. Ndivyo ilivyo, na sote tuliinamisha vichwa tukisubiri ukimya.

Hakunyamaza. Kigelegele kilipasuka kutoka nyuma ya pazia kabla mzee hajamaliza swali, kirefu, cha juu, cha mtu aliyekuwa amekibana kifuani tangu adhuhuri. Sauti ile niliijua. Nikasikia mashangazi wakimkemea, bibi harusi hajipigii mwenyewe, atawaaibisha watu, nikamsikia akivuta pumzi na kupiga cha pili.